Jina la Mama Zuhura

Mdogo wangu Somoe,

Nakuandikia nikiwa kitandani hapa hospitali ya Mkomaindo, nimeegemezwa mito ili niweze kushika kalamu. Daktari ameshaacha kunidanganya, kwa hiyo na mimi naacha kukudanganya wewe. Ninakuonea wivu. Sijawahi kuacha.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka kijijini kwetu Mkunya kushuka bondeni kuchota maji? Ulikuwa unatua ndoo yako juu, kisha unashuka tena mlima kunipokea yangu. "Lete, dada. Wewe soma tu." Nikasoma. Nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ya mbali, huku Zuhura wangu ndiyo kwanza ameacha ziwa. Wewe Mungu hakukujalia mtoto. Ukaninyooshea mikono: "Niachie huyu. Utamchukua ukishatulia."

Nilipotulia, alikuwa keshajua mama yake ni nani. Mimi akaniita mama mkubwa. Mkunya nzima ikakuita Mama Zuhura, na mimi nikabaki Mwalimu. Kwa desturi yetu hakuna aliyekosea, mtoto wa dada yako ni wako. Ila desturi haikunizuia kuumia.

Halafu ukagombea udiwani. Nilikuja kwenye mkutano wako, nikasimama nyuma na mwavuli wangu. Mzee mmoja akapaza sauti: "Tasa huyu atatuzalia barabara?" Watu wakaangua kicheko. Moyo wangu nao ulicheka, Somoe. Ukangoja wanyamaze.

"Shikamoo, babu. Barabara haizaliwi, inachongwa. Na kama unamtafuta mwanangu, yupo. Zuhura, simama babu akuone!"

Akasimama, na shingo yangu, na mwanya wangu. Vigelegele vikapasuka. Wanawake wakatandika kanga chini upite, wakiimba Mama Zuhura, Mama Zuhura. Mguu wangu ukatangulia wenyewe, kama mtu aliyeitwa. Mama mmoja akanivuta gauni: "Bibi, kaa, unatuziba."

Nikakaa.

Ukashinda. Barabara ikachongwa, bomba likafika, na wasichana wa Mkunya hawashuki tena bondeni. Sasa uko bungeni Dodoma. Redio ikikutoa ukimbana waziri, wenzangu wodini husema, "Mwanamke huyo!" nami huomba betri zife. Vyeti ninavyo mimi. Lakini si kiti chako kinachonichoma. Nchi nzima inakuita kwa jina nililolipata kwa uchungu wa kuzaa, na umelifanyia kazi kuliko ambavyo ningelifanyia mimi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Juzi Zuhura aliniletea uji. "Kunywa, mama mkubwa." Nikaitika, nikanywa.

Nina ombi, mheshimiwa. Najua utanizika Mkunya, na magari yatajaa. Kabla hujafika, mwambie imamu atangaze kwenye kipaza sauti cha msikiti kwamba Mama Zuhura amefariki. Asiongeze neno. Watadhani ni wewe. Watatoka kwenye mikorosho wakikimbia, yule mzee naye kama bado yupo, na wanawake wataangua kilio njia nzima. Usiharakishe kushuka garini. Waache walilie jina hilo kidogo.

Kisha shuka wakuone mzima, wafurahi, na ulichukue tena.

Dada yako,
Mama Zuhura