Hali ya Hewa ya Saveta

Jumatano, 1 Machi

Nimemfunga Ilarion uzi wa Machi! Mwekundu na mweupe, mkononi, katika duka la kijiji, mbele ya watu. Huku Bukovina ni sisi wanawake tunaowafunga wanaume, kwa hiyo si aibu. Lakini fundo likawa kama la kufungia ng'ombe.

Akalitazama. Akauliza: na wewe, Bi Saveta, Bibi wako mwaka huu ni wa tarehe ngapi?

Nilijua atauliza. Siku tisa za mwanzo wa Machi ni za Mabibi, kila siku na Bibi wake. Kila mwanamke anachagua yake kabla haijafika. Jua likiwaka, ana moyo mweupe mwaka mzima. Ikichafuka, basi ndivyo alivyo. Wengine wanafanya utani. Ilarion hafanyi. Marehemu mkewe, mwaka wa harusi yao, alichagua siku ya upepo, bati la banda likang'oka. "Nimeishi na upepo ule miaka thelathini na moja," anasema, na uso wake hauna utani hata kidogo.

Mimi mjane, yeye mgane. Pasaka ikipita, kanisa linaruhusu harusi. Hajasema kitu. Lakini ananiletea asali ya nyuki wake kila wiki — na mtu haleti asali kila wiki bure.

Nikamjibu bado nafikiria. Nafikiria nini! Naangalia simu.

Alhamisi, 2 Machi

Simu inasema Jumapili jua tupu. Nimemwambia Ilarion: Jumapili. Akatabasamu. Kumbe ana jino la dhahabu kule nyuma!

Ijumaa, 3 Machi

Balaa! Simu imegeuka. Jumapili theluji, Jumatatu ndiyo jua. Nikakimbia kwa Ilarion kwenye tope na viatu vya ndani. Nikamwambia alisikia vibaya, nilisema Jumatatu. Akasema inawezekana, sikio la kushoto halimsaidii siku hizi.

Wifi Zenovia, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa pale ananunua mishumaa ya nta. Ana masikio mawili, yote mazima.

"Wifi, Bibi habadilishwi kama soksi!"

"Wewe nunua mishumaa yako."

Jumamosi, 4 Machi

Siku ya Zenovia. Jua la kuudhi, hakuna wingu. Amepita barabarani mara tatu na blauzi ya kutarizi ya mama yake, bila koti, kwenye baridi ya kuvunja meno. "Mnaona? Ndivyo nilivyo!" Mara ya tatu alikuwa anapiga chafya.

Ilarion kampongeza. Kampa na chupa ya asali. Kubwa kuliko zangu!

Jumapili, 5 Machi

Theluji hakuna. Hata punje. Jua limewaka tangu ibada mpaka jioni, ndege wanaimba kama wamelipwa. Kanisani Zenovia aligeuka kunitazama kila tulipoimba "Bwana hurumia" — na hizo ni nyingi. Simu nimeizika kwenye gunia la maharage.

Jumatatu, 6 Machi

Siku yangu.

Saa mbili asubuhi, jua. Nikajipaka mafuta mdomoni, nikasimama langoni nionekane. Saa nne, mvua ya mawe. Saa tano, theluji. Saa sita, radi ndani ya theluji! Saa nane upinde wa mvua, mzuri ajabu, dakika tatu. Saa tisa upepo ukabeba beseni la Zenovia, na nguo zake za ndani, mpaka kwenye mizinga ya nyuki ya Ilarion.

Majirani wote nje. Wanatazama mbinguni, halafu wananitazama mimi. Mke wa padri (huku kwetu mapadri huoa) akajifanyia ishara ya msalaba.

Ilarion akaja na beseni, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia yake ya ngozi ya kondoo. Akasimama. "Eh, Bi Saveta," akasema. "Ina shughuli siku hii."

Akaenda zake.

Jumanne, 7 Machi

Hajaja. Kwaresima. Sima na maharage.

Zenovia yuko kitandani, mafua — yule wa jua! Nimempelekea supu. Akasema nina moyo mzuri. Nikamwambia anyamaze anywe.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Ilarion kagawa maua njia nzima: mwenye duka, mke wa padri, Zenovia na pua yake nyekundu. Mimi wa mwisho.

Nikayapokea, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote. Kwamba nilichagua kwa simu, mara mbili. Kwamba kwa desturi ya zamani siku haichaguliwi, inahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa, nami ni wa ishirini na sita — mbili na sita ni nane. Ni leo! Na leo angalia: wingu, manyunyu, si baridi si joto.

"Na mimi ni mkali, Ilarion. Mwaka tisini na nne nilimrushia marehemu sufuria. Ilimkosa kidogo tu."

Akatazama juu muda mrefu. Akajikuna shingo.

"Manyunyu haya yanaifaa miti ya plamu," akasema. Akavaa kofia, akaondoka.

Maana yake nini? Miti ya plamu! Nimekata mkate vipande vidogo kwa hasira.

Alhamisi, 9 Machi

Sikukuu ya Wafia Dini Arobaini. Nimeoka mikate yenye umbo la tarakimu nane, nikaipaka asali na kokwa za jozi zilizosagwa. Wanaume leo wanakunywa glasi arobaini za divai, moja kwa kila mfia dini. Tangu asubuhi wanaimba kule kwa padri. Sikutoka. Nina heshima zangu.

Saa kumi sasa. Naandika karibu na dirisha. Ilarion yupo langoni! Ameshikilia nguzo, au nguzo imemshikilia yeye.

Nimefungua dirisha: umefika glasi ya ngapi?

"Ya ishirini na saba, Bi Saveta."

Basi rudi ukamalize, nimemwambia, kisha tutaongea.

Ananyanyua jagi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, glasi mbili.

"Kumi na tatu zilizobaki nimekuja nazo."

Naye Zenovia yuko kwenye uzio na blanketi kichwani, anapiga kelele: "Mfungulie, wifi, mtu anaganda!" Komeo limekwama. Nimelipiga teke mara moja, sasa natafuta shoka!