Zahanati Iliyokuwa Kitabuni Tu

Zahanati ya Serikali,
Kichiwa,
Njia ya Makambako,
Njombe.

18 Agosti, 1953

Mpendwa mdogo wangu Nikodemo,

Kamwene, mwana wa mama. Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda hadi leo. Kifua kile kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona? Na joto la huko Korogwe, umelizoea au bado unaota baridi ya kwetu? Ukiiota, ujue mwaka huu imezidi. Asubuhi umande unaganda juu ya nyasi, na majani ya viazi bondeni yameungua kama yaliyopitiwa na moto.

Mama ni mzima. Anakohoa kidogo na anagombana na kuku wake, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Jeni mkeo ni mzima, na aliye tumboni ni mzima, anapiga mateke kama anadai kitu. Nimeyataja hayo kwanza ili uyasome yanayofuata ukiwa umetulia.

Usiishangae anwani niliyoandika hapo juu. Hapa ndipo nilipo. Nimekaa kwenye kigoda, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mboga, na Jeni amelala kitandani nyuma yangu amejifunika blanketi lile ulilomletea.

Barua yako imenifika. Nilipoisoma mara ya kwanza niliikunja nikaiweka. Nilipoirudia nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo nivumilie. Unaniambia nimwombe radhi Jumbe Yonathani. Unaniandikia kwamba mwenye nguvu mpishe. Unasema amekutumia maneno kwa watu waliokuja huko mkongeni kwamba ukirudi hutapata mahali pa kujenga. Ama kweli, Nikodemo! Wewe niliyekubeba mgongoni, ndiye wa kunifundisha kupisha watu njia? Aliyekupa habari alikupa nusu, na ni ile nusu iliyooza. Sasa ipokee iliyobaki.

Unajua jambo hili lilianzia wapi. Masika ya mwaka juzi Jeni aliposhikwa na uchungu, tulimbeba kwa machela kuelekea Makambako tupate lori la kumfikisha hospitali. Mto ulikuwa umejaa, haupitiki. Mtoto wenu alizaliwa kando ya njia, mvua ikitunyeshea sote, na hakulia. Wewe ulizisoma habari hizo kwenye karatasi. Mimi nilimshika mikononi.

Kwa hiyo ulipoondoka baada ya likizo yako, na Jeni akaniambia kwamba ana mimba tena, nilisema moyoni mwangu kwamba huyu hatazaliwa njiani. Nikaenda kwa Jumbe Yonathani kumwomba barua ya kupeleka Boma, tuombe zahanati. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Akasema mambo ya Boma si ya wanawake, nirudi nikapalilie. Nikarudi nikapalilia kweli, nikamaliza, kisha nikamfuata Telesia jirani yetu. Unamjua Telesia na ulimi wake. Tukafunga viazi kwenye kitambaa, tukaenda Njombe bila barua ya mtu.

Karani wa pale hakuwa mtu mbaya, ila amri yake ni amri. Alitaka barua ya jumbe. Tukamwambia hatuna, bali miguu tunayo na midomo tunayo. Akasema basi tungoje barazani, na Nikodemo, kungoja kwa Boma unakujua. Baridi ilitupenya hadi kwenye mifupa. Telesia akasema yeye hatakufa kwa baridi kwenye ngazi za serikali, akaokota vijiti, tukawasha moto kando ya ngazi na kuchoma viazi vyetu. Upepo ukaupeleka moshi wote ndani. Haukupita muda, Bwana Shauri mwenyewe, yule mkubwa wa wilaya, akatoka akikohoa, macho mekundu, anauliza ni nani anayechoma Boma.

Telesia akamkaribisha kiazi. Mimi nikasimama nikamweleza kwamba tunatoka Kichiwa, na tunaomba zahanati, maana wanawake wanapoteza watoto njiani.

Akamwita karani alete kitabu cha majengo ya wilaya. Kikafunguliwa pale pale barazani. Akatusomea kwamba Kichiwa ina zahanati, nyumba ya tofali, vyumba viwili, imekwisha kujengwa, na dresa, yule wa kusafisha vidonda na kutoa dawa, hufika kila Jumanne. Jumbe Yonathani ndiye aliyeleta taarifa, na alama yake ipo.

"Basi Bwana," Telesia akasema, "labda iko chini ya ardhi, maana sisi wa juu hatujaiona."

Bwana Shauri hakucheka. Alisema kitabu kinasema ipo, na mimi ninasema haipo, sasa amwamini nani? Hapo, mdogo wangu, ndipo nilipopata akili ambayo sijui ilitoka wapi. Nikamwambia, "Bwana, sisi hatubishani na kitabu. Kama kinasema ipo, tutakwenda kutibiwa humo." Akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri. Nikamshukuru kwa heshima zote, tukazima moto wetu tukaondoka.

Njiani Telesia aliniuliza kama nimerogwa. Nikamuuliza nyumba ya tofali yenye vyumba viwili Kichiwa ni ngapi. Akasimama katikati ya barabara, akapiga kofi, akasema, "Yesu wangu! Ghala la jumbe!"

Ndiyo hiyo. Na ujinga wetu uko hapo, nausema wazi. Kwetu mtu akiitwa kwenye ujima wa jumbe haulizi kazi ni ya nini. Anauliza siku gani, na aje na jembe au na ndoo. Mwaka ule nyumba ile ilipojengwa tulifyatua matofali, wanawake tukakata nyasi za kuezeka, Mzee Mikaeli akachonga mlango kwa mbao zake mwenyewe, na kila mmoja alidhani ni nyumba ya wageni wa jumbe. Kumbe Boma lilikuwa limemwagiza ajenge zahanati. Sisi tumeijenga zahanati yetu kwa mikono yetu bila kujua, naye akaingiza humo mahindi yake na baiskeli yake.

Jumanne iliyofuata tulikwenda kutibiwa. Sikumshurutisha mtu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema tu kwamba zahanati yetu iko wazi Jumanne, Bwana Shauri amesema. Walikuja wenye vidonda, wenye vikohozi, wazee wanaougua macho, kina mama na watoto migongoni. Jeni alikaa mbele kabisa. Tukapanga mstari kwenye mlango wa ghala, tukaimba wimbo wa asubuhi, tukangoja.

Jumbe alitoka kwake na kikombe mkononi, bado anatafuna. "Mnataka nini kwenye nyumba yangu?" Mzee Anania, ambaye mguu wake unaujua, akamjibu kwamba amekuja kusafishwa kidonda. Jumbe akasema humo mna mahindi. Mzee akasema basi mahindi ni mazima, yatoke yawapishe wagonjwa. Watu wakaanza kucheka, na jumbe anayechekwa, Nikodemo, hana tena pa kushika. Tuliyatoa mahindi yake kwa adabu, tukayabeba hadi uani kwake, tukayafunika yasipigwe na umande. Baiskeli tuliifuta vumbi. Kisha tukasiriba sakafu, tukaleta kitanda cha kamba, na Jeni akaingia kukaa humo hadi ajifungue, nami pamoja naye.

Na yule dresa, Laurenti, anakaa Makambako. Tulimtumia habari kwamba wagonjwa wake wa Jumanne wanamngoja. Alikuja juu ya baiskeli na sanduku lake, anashangaa. Kumbe jumbe alikuwa amemwambia kwamba nyumba haijaezekwa, naye ni kijana mgeni, akaamini. Sasa hakosi Jumanne hata moja. Leo amempima Jeni, akasema mtoto amekaa vizuri na siku zimekaribia. Amesema ikifika siku yenyewe tumwite hata kama si Jumanne.

Ulichosikia wewe ni kwamba nimevunja mlango wa jumbe. Mlango haukuvunjwa. Ngoja nikueleze. Jumbe alipoona hatutoki, alileta kufuli, akasema atafunga tukiwa tumetoka kwenda kisimani. Habari zikamfikia Mzee Mikaeli. Mzee akaja na nyundo yake, hana haraka, akaung'oa mlango, akajitwika kichwani. Jumbe akafoka, "Unaupeleka wapi mlango wangu?" Mzee akamjibu, "Niliutoa kwa ujima. Kama nyumba ni ya watu, mlango utarudi. Kama ni yako, mlango ni wangu." Akaenda nao kwake. Jumbe akabaki na kufuli mkononi, hana pa kulitia.

Tangu siku ile tumetundika mkeka mlangoni, na wanawake wanakaa hapo kwa zamu, wanasuka vikapu. Mlango ni sisi.

Sasa ameshitaki. Ijumaa hii nasimama barazani kwa kosa la kuingia nyumba ya mtu kwa nguvu na kumdharau jumbe. Ndiyo maana anakutisha wewe huko mbali, kwa sababu mimi wa karibu sitishiki. Nitamwuliza neno moja tu mbele ya hakimu: nyumba ile ni yako, au ni zahanati? Akisema ni zahanati, basi nimempeleka mgonjwa kwenye zahanati, na hilo halijawa kosa popote. Akisema ni yake, basi aende Njombe akamwambie Bwana Shauri kwamba alichokiandikisha kitabuni ni uongo. Achague. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Yeye ndiye aliyelisema. Sisi tumelileta.

Sikudanganyi, ninaogopa. Hakimu amekula mara nyingi kwa jumbe, na wanaweza kunifunga. Lakini maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nikifungwa, Mama atakaa kwa Telesia, na zamu ya mlangoni haitavunjika, tumekwisha kupatana.

Kuhusu mahali pako pa kujenga, nitakujibu mara moja kisha tusilitaje tena. Bonde la baba lipo, na mimi nalilima. Lakini hata angekunyima nchi nzima, niambie, ungemjengea nani hiyo nyumba, ikiwa mkeo na mwanao wako chini ya udongo? Wewe umewahi kumzika mmoja kwa barua. Sitaki kukuandikia nyingine ya namna ile. Mkono wangu umekataa.

Kama kweli unataka kusaidia, usimwandikie jumbe hata mstari mmoja. Mwandikie Bwana Shauri wa Njombe. Usimlalamikie. Mshukuru. Sema kwamba wewe ni Nikodemo, mume wa Jeni, uko kazini mkongeni, na umefurahi sana kusikia kwamba mkeo anatunzwa katika zahanati ya serikali iliyojengwa Kichiwa. Basi. Tafuta mwenye mwandiko mzuri, na uwaambie wenzako wa kwetu walioko huko kambini nao waandike. Shukrani zikiwa nyingi, hakuna atakayethubutu kusema nyumba haipo.

Mama anakusalimu, anasema ule chakula na usikae na watu wa pombe. Telesia anakusalimu, anasema ukija umletee kamba za mkonge, za huku zinakatika. Mzee Mikaeli anakusalimu, na mlango anao, anaupaka mafuta. Nisalimie sana binamu yetu Odilo, mwambie mama yake anamngoja Krismasi bila kukosa. Jeni hakutaka niandike salamu zake, amesema atakwambia mwenyewe ukifika. Lakini nilipomsomea ile barua yako alishika tumbo, akasema, "Mwambie mimi hapa sitoki."

Nawe usitoke kwenye neno lako la ndoa. Dresa ananingojea aondoke na barua hii, kwa hiyo namaliza. Mtoto huyu akizaliwa, nitakwenda Njombe mimi mwenyewe, nimemfunga kifuani, na nitamwambia yule karani afungue kitabu chake aandike: amezaliwa Zahanati ya Kichiwa, mtoto wa Nikodemo na Jeni, yuko hai. Na utakuwa mstari wa kwanza wa kweli kuandikwa humo juu ya Kichiwa.

Mungu aliyekaa nasi kando ya njia ile akae nawe mkongeni, akupe afya, akupe na uti wa mgongo.

Ni mimi dada yako akupendaye, asiyeomba radhi,

Ema