Mama, Laini Yako Ina Mtu

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tukuzike masika yamepita, na mimi kila siku nasema kesho. Kesho nguo zimelowa, kesho nimechoka hata kushika kalamu. Nimejifungua, mama. Msichana. Hukumngoja.

Kwanza nikuambie habari ya simu. Niliendelea kukupigia. Nilijua hakuna wa kupokea, ila nilipenda kuona jina lako kwenye kioo. Juzi ikaita. Akapokea mwanaume, yuko Nzega, anaongea huku anatafuna.

"Namtafuta mama," nikasema.

"Mama gani tena? Laini hii nimenunua juzijuzi, dada. Au unataka niwe mama yako?" Akacheka, kisha akasikia nalia, akaacha. "Pole, dada yangu. Ndo zilivyo hizi. Ikikaa kimya wanampa mwingine."

Nikakumbuka ile siku uani kwetu Isevya. Nilikuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza katutuma tutafute maana za neno 'line', zote tutakazopata. Nikakukuta unaanika mashuka ya watu. Ukajifuta mikono.

"Kineno kifupi hivyo? Haya, andika. Kamba hii ni laini. Reli ile ni laini. Foleni ya bombani ni laini, ingawa Mama Shida anaipinda kila siku."

Ukaendelea: ya simu, ya daftari, ukoo, hadi mikunjo ya kiganja, ukanionyesha chako kilichokobolewa na sabuni. Kesho yake nikakuletea aliyosema mwalimu, kwamba zamani sana neno lile lilikuwa uzi tu, uzi wa kitani, ambao mafundi wa Ulaya waliuvuta ili wanyooshe ukuta. Maana zingine zote zilizaliwa humo. Ukalitundika shuka kambani.

"Basi babu wa babu yangu alikuwa uzi," ukasema.

Ndipo ukanisimulia habari za huyo mpagazi wetu, aliyebeba pembe kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, mtu nyuma ya mtu kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Ulisema wa mbele hageuki. Anajua ana mwenzake nyuma kwa kusikia miguu tu.

Siku hizi nikipita njia ya Itetemia na mtoto mgongoni, nasikia miguu. Nikigeuka ni vumbi.

Mama mdogo alikuja mtoto alipokataa ziwa. Kliniki walimpima, hana ugonjwa, lakini analia tu. Mama mdogo hakuniuliza kitu. Akampakata, akaanza kuwaita marehemu wetu mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwetu, maana jina atakalolinyamazia mtoto ndilo lake. Akamwita bibi. Akawaita mashangazi, akafika kwa wale nisiowajua. Mtoto analia.

"Usimwite mama," nikamwambia. "Alikataa."

"Wee! Mfu akatae nini? Anayechagua ni huyu." Akainama, akasema polepole, "Nyamizi."

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo, akalitafuta ziwa.

Na kweli ulikataa, mama. Pale kitandani ulinishika mkono ukasema, "Usimpe mtu jina langu. Limebeba vya kutosha. Liache lipumzike." Nikaitikia. Sasa mwanangu anaponyonya ananitazama kama mtu tuliyeachana zamani, na mimi namwita 'wewe'. Naogopa siku nitakayomfokea, nitakuwa nimekufokea wewe. Naogopa zaidi kumtwisha mzigo wako wakati hata kukaa bado hajui.

Lakini nisikilize na mimi. Laini yako wamempa mtu wa Nzega bila kutuuliza. Jina lako sitaliacha likae kimya mpaka liokotwe. Nitalibeba mimi kwanza, kisha nimpe likiwa jepesi. Mashuka ya watu hatafua. Akitaka kucheka sana kuliko ulivyocheka wewe, atacheka. Hilo nakuahidi, na ahadi hii naishika kuliko ile ya kitandani.

Jumapili anabatizwa, na mchungaji anataka jina. Kwa hiyo vitu ninavyohitaji ni hivi, na usichelewe kama mimi. Nitumie ndoto moja, uje na kile kitenge chako cha kahawia kilichoungua pasi, ili nijue ni wewe. Nitumie ubeti wa pili wa wimbo uliokuwa ukinibembelezea. Najua wa kwanza tu, na mtoto ameshauchoka. Nitumie mkono wako ule wa kupimia homa, hata kwa muda mfupi, nitaurudisha. Nitumie ruhusa. Kama ruhusa haipo, basi nitumie hasira yako, nitaipokea, ila ipitie kwangu, isipitie kwa mtoto.

Mwanao,
Mama Nyamizi