Breki Ulizofunga Wewe

Magwagwa,
Ijumaa, 14 Juni 1968

Mdogo wangu Ogari,

Natumaini hujambo huko Kericho. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike, na chai imekomaa hatuna wa kuichuma. Mama anauliza kila siku kwa nini fundi mzima ameacha gereji akakimbilia vibarua.

Kemuma ametoka hospitali, wamemkata mguu. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Alfayo, sina kinyongo nawe. Wewe hukufunga zile breki." Nikanywa uji wake nikaaga.

Ogari, Ijumaa ile nilichelewa kushusha ndizi za lori sokoni Daraja Mbili. Jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, nami sikutaka wazee wa kanisa wanikute barabarani. Kwenye mteremko wa kuingia kwetu nilimwona Kemuma kwa mbali, ana mzigo kichwani. Nikapiga honi, nikasema moyoni atapisha, mbona wote hupisha. Sikukanyaga breki mpaka alipokuwa mbele ya bampa. Na breki ulizofunga zilishika, Ogari. Zilishika vizuri, ila nilikuwa nimechelewa. Polisi walipouliza, nikasema zimekatika.

Kesho nimeitwa mbele ya kanisa nishuhudie jinsi Mungu alivyoniokoa, na Kemuma atakuwepo. Nimekusudia kusema kweli. Lakini najijua. Ndiyo maana naitia barua hii posta leo, kabla jua halijatua. Usiposikia kwamba nimekamatwa, ipeleke polisi wewe mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Alfayo Mogaka, dereva