Jogoo wa Shemeji

Kansanga, Kampala
Agosti 1994

Kaka yangu Wamalwa,

Nakusalimu wewe, wifi Nabalayo na wote wanaolala chini ya paa lako, na kwanza kabisa binti yangu Nasike. Je, mgongo umekuachia ulime, au bado unakusumbua asubuhi? Nasike ameacha kukohoa? Mwambie mama yake anauliza kama bado anaficha mboga chini ya ugali ili asizile. Mimi sina homa wala jeraha. Nakula, nalala kitandani, hata mashavu yamejaa. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyatanguliza kwa sababu yaliyobaki si mazuri.

Najua unanung'unika kwamba barua zangu ni fupi na hazisemi kitu. Una haki. Shemeji yako Makokha alikuwa akizisoma kabla sijazifunga, na tulikuwa tumekubaliana yapi tuandike na yapi tuache. Hii hajaiona. Nimempa Aluoch, yule mama anayefanya biashara ya vitenge mpakani, akuletee mkononi.

Tulipoondoka Cheptais baada ya nyumba yetu kuchomwa, Makokha alikuambia kwamba Kampala inajengwa upya baada ya vita, na fundi mwashi hawezi kulala njaa huko. Ni kweli inajengwa. Kila upande ni mchanga na matofali. Lakini penye matofali pana mafundi wao tayari, na sisi hatukuwa na Kiganda hata cha kuomba maji. Makokha alikuwa akifika kwenye jengo na kusalimia kwa Kiswahili chake kizuri, watu wananyamaza. Wengi hapa Kiswahili walikisikia kwa askari, enzi zile za kugongewa milango. Kuna mama kule Kawempe aliwaingiza watoto ndani akafunga komeo, kumbe mume wangu anaulizia kazi ya kupiga plasta.

Tukaishi Namuwongo, karibu na reli, katika chumba ambacho mvua ikinyesha maji yanaingia bila kupiga hodi. Nilifua nguo za watu. Makokha alibeba magunia mpaka mabega yakatoka malengelenge. Kuna jioni tulikunywa chai kavu tukakubaliana kuiita chakula. Nakueleza haya ili usituhukumu haraka kwa yanayofuata.

Kanisani tukasikia kuna mama wa hapa Kansanga, anaitwa Nalongo kwa kuwa alizaa mapacha, anatafuta mpishi na mlinzi wa lango. Tukaenda pamoja, nguo tumezipiga pasi. Alitutazama akasema wazi kwamba mume na mke hawataki tena. Waliotangulia walizaa, wakaita na ndugu zao, mwishowe yeye ndiye akawa mgeni uani kwake. Nilikuwa nimeanza kugeuka niondoke. Makokha, bila hata kumeza mate, akasema mimi ni dada yake. Nikamtazama. Kisha nami nikasema ndiyo, huyu ni kaka yangu. Tukapata kazi zote mbili pale pale.

Yeye analala kwenye kijumba cha langoni, mimi chumba cha nyuma ya jiko. Mshahara haujawahi kuchelewa, na ndio unaomweka Nasike shuleni. Mwanzoni kumwita mume wangu kaka kulinichekesha. Nalongo husema Wakenya mnapendana sana, nami huinamia sufuria ili asinione uso. Jumapili wakienda kanisani ndipo tunakuwa mume na mke, huku tumetega sikio tusikie honi ya gari.

Nalongo ana mdogo wake, Dawudi, aliyefiwa na mke. Ana duka la misumari na rangi hapa barabara ya Ggaba. Si mtu mbaya, na laiti angekuwa mbaya, shida yangu ingekuwa nusu. Akija huja na mkate, husifu mchuzi, huuliza nimeamkaje na watu wa kwetu wameamkaje. Nilidhani ni adabu tu za Waganda, maana hawa wakianza kukusalimu, chungu kinaweza kuungua.

Mwezi wa Juni Dawudi alikuja na jogoo mkubwa mwekundu ndani ya kikapu, akampelekea Makokha langoni na kumkabidhi kwa mikono miwili. Makokha akampokea vivyo hivyo, akashukuru sana. Unajua kwetu mtu akikupa kuku humuulizi sababu. Tena hatukuwa tumeonja nyama ya kuku tangu Pasaka. Nikampika siku ile ile, na kwenye sahani ya Makokha nikatanguliza firigisi, iwe siri yetu kwamba anayekula ni mwenye mji. Nalongo alitoka akamkuta anaguguna mfupa wa mwisho, akapiga vigelegele. Sisi tukafikiri anafurahia mtu mwenye hamu ya kula.

Kesho yake Ogwal, mtu wa Lira anayelinda lango la jirani, alimjia Makokha akicheka. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha hapa: "Wewe nakula jogoo ya muko. Dada yako nakwisha olewa, bado sherehe tu." Muko ni shemeji, ndugu wa mke. Kwa Waganda mchumba humletea kaka wa msichana jogoo, na kaka akishamla, basi amemtoa dada yake. Shangazi ndiye angetangulia kuulizwa, lakini kwa kuwa mimi sina shangazi huku, waliona kaka anatosha.

Makokha naye alicheka. Kisha akakaa chini. Nilimwambia twende kwa Nalongo jioni hiyo hiyo tuseme ukweli, akanisihi tungoje: harusi za hapa huchukua muda, labda Dawudi atabadilisha nia. Dawudi hakubadilisha. Sasa wanapanga safari ya Desemba kuja huko nyumbani kuwaona wazee, na Makokha ndiye atakayewaongoza njia.

Nifike basi pale nilipokuwa napaogopa. Kaka, nina mimba. Ni ya Makokha, ya hizo Jumapili. Nilimwambia nikiamini sasa atalazimika kusema kweli. Macho yake yakiwa ukutani, akasema afadhali tusingoje Desemba. Niende kwa Dawudi mapema, kabla tumbo halijaonekana. Mtoto atazaliwa kwenye nyumba yenye umeme, Nasike ataendelea na shule, naye atabaki hapa langoni na kumwona mtoto kila anapoletwa kumsalimu Nalongo. Nikamuuliza huyo mtoto atamwita nani. Akasema, mjomba. Akalia, kaka. Mtu yule hakulia nyumba yake ilipokuwa inaungua.

Utadhani nilimzaba kofi. Sikumzaba. Na hili ndilo ninaloona aibu kukuandikia: sikusema hapana. Nilikifikiria kile chumba cha Namuwongo na mtoto mchanga ndani yake, nikanyamaza, naye akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Nimenyamaza mpaka leo. Jana Nalongo aliniletea fundi wa gomesi, ile nguo yao ya sherehe, nami nikainua mikono ili nipimwe.

Makokha atakuandikia akuombe uwapokee Waganda kama wakwe, na uwakanye watu wa nyumbani wasimwite shemeji. Atakuambia ng'ombe watakuja. Najua mahindi hayakufaa mwaka huu, na najua ng'ombe ni ng'ombe. Lakini ng'ombe wa Makokha ndio uliowatoa ulipomwoa wifi Nabalayo. Mwenye kunitoa ni wewe, na ulikwisha kunitoa. Njoo unisemee neno ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema. Simama mbele ya Nalongo na Dawudi, uwaambie huyu ni mke wa mtu, na mumewe ndiye huyo anayewafungulia lango. Watatufukuza siku hiyo hiyo. Sijui tutalala wapi wala nitajifungulia wapi. Njoo hivyo hivyo, na uje upesi, kwa sababu mkate wa Dawudi ni mtamu, na nikikaa zaidi nitazoea.

Wifi mpe mkono wangu, na majirani wanaoniulizia uwaambie nipo. Nasike usimweleze lolote. Mwambie tu baba yake hajambo, na kwamba haipiti siku bila kumtaja.

Ni mimi dada yako,
Nabangala, mke wa Makokha