Intavyuu ya Shiko Iliyoanzia Bucha

Bucha ya Kiama,
Gatongora, Ruiru.
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa kaka Gerishon,

Salamu nyingi kutoka Ruiru, ambako baridi imeanza na wateja wa supu wanapigania viti. Habari ya Doha na lile joto? Mgongo umepoa, ama bado unaendesha lori umekaa upande? Sisi tuko salama kabisa. Mimi nimenenepa, na mke wangu Beth anasema ni hizi sifa ninazojipa.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu Shiko anaishika kuliko mimi, na haya hajui nakwambia. Eddie wa jirani anaruka kesho kuja huko, atakupa mkononi.

Kaka, bintiyo Shiko alikuwa amekwama. Unajua alimaliza kusomea programu za kompyuta. Hujui alianguka intavyuu mbili. Si kwamba hajui kazi. Wanamwambia aandike programu huku watu watatu wanamtazama, tena aeleze kwa mdomo anavyofikiria. Hapo anakauka. Ile ya pili alinyamaza dakika kumi, akaomba msamaha, akatoka. Akaja akaniambia, "Anko, kichwa changu ni bure. Kuna kiwanda Thika kinatafuta watu wa kufunga maboksi. Naenda." Akaniapisha nisikwambie, eti vile umechomwa na jua kwa ajili ya karo yake.

Nikamwambia, "Mami, wewe umebeba jina la mama yetu, na mama hakuwahi kunyamaza hata kanisani!"

Sasa, mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini nimefika Arusha na Kampala, na hakuna mtu amewahi kunishinda kuongea. Nikamvalisha aproni. Kila alasiri anasimama kwenye mizani, na mteja hapewi nyama kimya: aambiwe inakatwa wapi na kwa nini, na Shiko akikosea, aseme amekosea. Wateja wangu si malaika. Mbaluka, fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara, akamuuliza, "Hiyo ni mbavu ama ni fensi?" Wiki ya kwanza alijificha nyuma ya mizani. Ya tatu akamjibu, "Fensi ni ya kuzungushia mdomo wako. Nusu ama kilo?" Bucha ikalipuka! Wateja wakiisha, ananieleza programu zake. Sielewi kitu, lakini nauliza "kwa nini?" kama profesa.

Jumatatu akaenda intavyuu ya tatu, ofisi moja hapo Thika. Katikati ya swali akakwama. Mkubwa wao akamuuliza kama anaendelea. Kwa mazoea, mdomo ukajibu wenyewe: "Subiri kidogo kastoma, nakukatia sasa hivi!"

Ngai, Mungu wangu! Walicheka, naye akacheka. Halafu akawaambia wazi, "Hapa nimekwama. Wacha nirudi nyuma hatua moja." Akaongea, akafuta, akaongea, mpaka programu ikakubali. Kaka, wamemchukua! Wamempigia jana! Nimegawa supu ya bure mpaka sufuria ikaonyesha chini.

Wasalimie Githae na Nzioki unaoishi nao. Beth na mtoto wetu Tabby wanakukumbuka kila jioni tukiomba. Mungu akuwekee kivuli huko, akurudishe na mgongo mzima.

Jumapili baada ya ibada Shiko atakupigia akwambie mwenyewe, hata zile mbili alizoanguka. Tafadhali, jifanye hujui. Na hata akinyamaza katikati, usimsaidie maneno. Ngoja. Atamaliza.

Mdogo wako anayekupenda bila mizani,
Kiama