Vyenye Maganda

Jumatatu, 7 Oktoba

Sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, imerudi jikoni kama ilivyotoka. Kashindi ameitazama tu, akasema ina mafuta mengi. Jana vile visamaki vya ndagala vilikuwa na macho. Juzi maharage yalikuwa mazito. Ameomba mayai mawili ya kuchemsha, akayamenya mwenyewe, akala na chumvi. Miezi nane ya ndoa, na mume wangu bado anakula kama mgeni aliyekosea nyumba.

Dada yake mkubwa, Feza, alinionya siku ya harusi. Alisema huyu anachagua chakula tangu utoto. Nilicheka. Nilidhani mapishi yangu yatamshinda.

Nimekula sahani mbili, yangu na yake. Nanenepa kwa hasira.

Jumanne, 8 Oktoba

Mukeke wa kukaanga, ametoka ziwani asubuhi hii. Hajamgusa. Ametaka viazi vitamu, vichemshwe na maganda yake.

Mama Sifa, jirani, ameona samaki akirudi mzima. Akasema mwanaume asiyekula kwake ana sahani yake kwingine. Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Maana ni kweli, Kashindi hapungui. Mashavu yamejaa. Nani anayajaza? Mchana hula kazini, mkate na ndizi, ndivyo anavyoniambia. Mkate gani huo?

Nimenusa shati lake kabla ya kulifua. Moshi wa kuchomelea vyuma. Na vitunguu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Saa sita nimeacha cherehani. Nikajifanya natafuta uzi mweusi, nikapita upande ule wa Kasenga iliko karakana yake. Nilijiandaa kumwona mwanamke.

Nimemwona. Ana miaka kama sitini. Anauza chakula kando ya barabara, sufuria moja kwa watu wote. Kashindi alikuwa kwenye benchi na mafundi wenzake, anakula sombe. Sombe ya mafuta, ndagala ndani, macho na vyote. Akalamba vidole. Akaongezewa.

Sikumwita. Nimerudi, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Ningemkuta na kimada ningejua la kufanya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejipangia kichwani vitu anavyokula nyumbani. Mayai. Ndizi mbivu. Karanga ambazo hazijamenywa. Viazi na maganda. Soda, na lazima aifungue mwenyewe. Kila kimoja kina ganda au kifuniko. Mkono wangu haufiki ndani.

Basi si ulimi wake. Ni mimi.

Kaka yake alifia Runingu, alikokuwa akilima. Miaka minne sasa. Tumbo lilimuuma siku tatu. Daktari alisema ini. Familia ikasema sumu, mkewe kamtilia kwenye chakula. Huku kwetu neno hilo likishatamkwa, hakuna karatasi ya hospitali inayolifuta. Yule mwanamke alitolewa nyumbani na godoro kichwani, matanga hata hayajaisha. Niliisikia habari hiyo kabla sijaolewa. Nikamhurumia kidogo, nikasahau.

Kumbe Kashindi hakusahau. Analala nami kitanda kimoja na anaogopa sufuria yangu. Na siku akiumwa kweli, kwa jambo lolote, godoro litakuwa kichwani mwangu.

Nimemtazama akimenya yai. Nimemchukia.

Jumanne, 15 Oktoba

Kashindi ameamka anatapika na kuharisha. Nimempakia kwenye pikipiki ya kukodi, nikakaa nyuma yake nimemshikilia mpaka santa, kituo cha afya. Wamemtundikia chupa ya serumu.

Feza amefika kutoka Songo kabla chupa ya kwanza haijaisha. Hakunisalimu. Hakuniita wifi. Alisimama katikati ya chumba, wagonjwa wengine wanasikia.

"Weye, jana ulimupikia nini?"

Anayeulizwa hivyo huonekana ana hatia hata kabla ya kujibu. Nikakaza kitenge kiunoni. Aliyemjibu dada yake ni Kashindi, macho ameyafumba.

"Yaya Feza, mumwache. Tangu nimuoe sikulaka hata siku moja kitu alipika. Ulizeni ile mama ya karibu na garaje, batu bote banaonaka pahali minakulaka. Muke ya kaka mulimufukuza. Huyu hamutamufukuza."

Feza alitafuta kiti. Chumba kizima kilinigeukia. Mke asiyeliwa chakula chake. Nimeokolewa na nimeaibishwa kwa maneno yale yale.

Jumatano, 16 Oktoba

Mafundi wawili wa karakana ileile wameletwa na ugonjwa uleule. Muuguzi amesema ni chakula cha barabarani, au maji yake. Feza alikuwepo, amesikia. Hakuomba msamaha.

Tulipobaki wawili nimemuuliza Kashindi. Amesema hakuniogopa hata siku moja. Aliwaogopa ndugu zake. Alitaka, siku akiugua, pasiwe na sahani ya kunyooshea kidole. Ndiyo sababu alikula hadharani, na kwangu akala vitu ambavyo hata Feza hawezi kusema vimetiwa kitu.

Mbona hukuniambia? Akasema ningepika kwa hofu. Kisha akageukia ukuta.

Ni maneno mazuri. Nusu yangu inayaamini. Nusu nyingine inajua kwamba mtu akibanwa hupata maneno mazuri. Labda mwanzoni aliniogopa, hofu ya ndugu ikaja baadaye. Labda hata yeye hajui. Miezi nane nimepika nikionja chumvi mara tatu, nikidhani kasoro ni chumvi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tuko nyumbani. Bado ana miguu dhaifu. Feza amekuja kumjulia hali, ameketi karibu na mlango, mkoba mapajani.

Nimepika uji wa mahindi. Desturi ni kwamba anayempa mtu kinywaji hukionja kwanza mbele yake. Nikainua kikombe. Kashindi akakishika kabla hakijafika mdomoni mwangu, akakichukua, akanywa. Feza alitazama. Mimi nilitazama koo la mume wangu likipanda na kushuka. Amemaliza chote.

Nimekaa chini. Nje Mama Sifa alikuwa anatwanga.

Baadaye kidogo Feza ameomba uji naye. Nimemmiminia. Chake nimekionja kwanza.